Rangi Kutoka kwa Bakteria: Mwongozo kwa Wasusi na Watia Rangi wa Bukiriro

Kama unasuka vikapu au mikeka Bukiriro, au unatia rangi nyuzi na vitambaa popote wilayani Ngara na Biharamulo, rangi yako pengine hutoka dukani: pakiti ndogo ya unga, maji ya moto, chumvi kidogo, kazi imekwisha. Ni rahisi, na hilo hatulikatai. Lakini ipo njia nyingine ya kupata rangi, nayo hufanywa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho: bakteria. Wapo wanaotengeneza rangi miilini mwao, na wapo wanaoziamsha rangi zilizolala ndani ya matope na majani.

Mwongozo huu unakuonyesha ni bakteria gani unaweza kufanya nao kazi nyumbani kuanzia msimu huu, na ni wepi uwaachie wataalamu wa maabara. Kazi mbili zinafaa uani kwako: rangi nyeusi ya matope ya kinamasi na rangi ya buluu ya nili. Ya tatu, rangi ya chakula, utainunua ikiwa tayari. Ya nne, yaani nyekundu na zambarau za bakteria wenyewe, utaipata kwa kushirikiana na maabara.

KWA NINI UHANGAIKE?

Rangi za viwandani zilianza mwaka 1856, kijana wa Kiingereza, William Henry Perkin, alipotengeneza zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe. Tangu hapo zimeenea dunia nzima kwa sababu ni nafuu na hukolea upesi. Yapo hata hivyo mambo matatu ya kufikiria.

- Afya yako. Baadhi ya rangi za kundi liitwalo azo huweza kuvunjika na kutoa kemikali zinazosababisha saratani. Unga wa pakiti isiyo na maelezo huwezi kujua una nini, nawe ndiye unayeuvuta puani na kuushika kila siku.
- Maji. Maji ya rangi yanayomwagwa bondeni huzuia mwanga kuifikia mimea na viumbe wa majini, na mengine hubeba sumu. Mabonde ya Ngara huteremkia mito Ruvubu na Kagera, na Kagera huishia Ziwa Viktoria.
- Soko. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku nguo na ngozi zilizotiwa zile rangi za azo zinazotoa kemikali hizo hatari. Vikapu vya Ngara vimekwisha kufika masoko ya nje. WomenCraft, biashara ya kijamii yenye makao yake Ngara, inafanya kazi hiyo na wasusi wa eneo hili la mpakani. Mnunuzi wa mbali huuliza rangi imetoka wapi. Mwenye jibu lililoandikwa ana nafasi nzuri zaidi ya kuuza.

WAJUE BAKTERIA KWANZA

Aliyewahi kutengeneza pombe ya ndizi anajua jambo moja kubwa: kuna kazi ambayo mkono wa mtu hauwezi kuifanya ila kwa kuwaandalia viumbe wadogo chakula, joto na muda. Kazi ya rangi ni hivyo hivyo. Bakteria wanaotuhusu wamegawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza: wanaoishi ndani ya matope. Matope ya kinamasi hayana hewa. Bakteria waliomo hukitumia chuma cha udongo badala ya oksijeni, na kwa kufanya hivyo hukifanya kiyeyuke majini. Chuma hicho kikikutana na tanini, ile dutu chungu iliyomo kwenye magome ya miti, kisha kikapigwa na hewa, huzaa rangi nyeusi. Ndiyo siri ya kitambaa maarufu cha bogolan cha Mali, ambacho matope yake huhifadhiwa chunguni muda mrefu kabla ya kutumika.

Kundi la pili: wanaofanya kazi kwenye chungu cha nili. Nili ni buluu isiyoyeyuka majini, kwa hiyo haiwezi kuingia kwenye uzi hivi hivi. Bakteria wanaopenda maji ya majivu huibadilisha kikemia pasipo hewa, nayo huyeyuka na kugeuka kijani-manjano. Uzi ukiinywa kisha ukatolewa hewani, buluu hurudi ikiwa imefungiwa ndani ya uzi.

Kundi la tatu: wenye rangi miilini mwao. Hawa ndio wanaozungumzwa sana na watafiti wa leo. *Streptomyces coelicolor*, bakteria wa udongoni, hutoa rangi iliyo buluu kwenye maji ya magadi na nyekundu kwenye maji makali kama ya limao. Jamaa zake wa kundi la *Streptomyces* ndio wanaotoa ile harufu ya ardhi inaponyeshewa na mvua ya kwanza. *Janthinobacterium lividum* hutoa zambarau iitwayo violasini. *Serratia marcescens* hutoa nyekundu iitwayo prodijiosini. Mbunifu mzaliwa wa Zimbabwe, Natsai Audrey Chieza, amefanya kazi London akiotesha *Streptomyces* moja kwa moja juu ya vitambaa vya hariri. Huko huko Uingereza kampuni ya Colorifix, iliyoanzishwa mwaka 2016, huwalisha sukari vijidudu walioandaliwa maabara ili watengeneze rangi na kuifikisha kwenye nguo.

> SANDUKU LA HATARI: USIOTESHE BAKTERIA WENYE RANGI NYUMBANI
>
> Ugali uliolala ukitoa madoa mekundu, au ndoo ya kuogea ikishika utelezi wa waridi, huenda ni *Serratia marcescens*. Usijaribu kuikuza kwa ajili ya rangi. Bakteria huyu huambukiza vidonda, njia ya mkojo na mapafu, na ni tishio hasa kwa watoto wachanga na wagonjwa. Mwenzake wa zambarau, *Chromobacterium violaceum*, huishi kwenye udongo na maji ya nchi za joto. Ni nadra kumpata mtu, lakini akiingia kwenye damu anaweza kuua.
>
> Huwezi kumtambua bakteria salama kwa kutazama rangi yake. Chakula chenye madoa kitupe. Ndoo ioshe kwa sabuni na dawa ya kuulia vijidudu.

SEHEMU A: NYEUSI YA MATOPE

Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na ndiyo ya kuanzia. Vipimo hivi ni vya nusu kilo ya nyuzi za katani au pamba.

*Mahitaji*

- Nyuzi gramu 500, zilizooshwa kwa sabuni na kusuuzwa vizuri
- Magome makavu ya muwati au ya mgunga, gramu 500, yaliyopondwa
- Matope ya kinamasi, ndoo moja ya lita 10
- Sufuria kubwa isiyopikiwa chakula
- Mabuti ya mvua na glovu za mpira

*Kutafuta matope yenye chuma*

Nenda ukingoni mwa kinamasi utafute mahali ambapo maji yametulia na yana utando unaong'aa kama mafuta, au udongo wenye kutu ya rangi ya chungwa. Gusa utando kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande na kubaki hivyo, ni kazi ya bakteria wa chuma, umefika. Ukijikusanya na kuungana tena, ni mafuta yaliyomwagika, ondoka. Chini ya utando chimba matope ya kijivu au meusi. Yakikaa hewani na kuanza kugeuka rangi ya kutu, yanafaa.

Vaa mabuti na glovu wakati wote. Maji yaliyotuama yanaweza kuwa na konokono wa kichocho, na vimelea vyake huingia kwa kupenya ngozi tu; si lazima uyanywe.

*Hatua*

1. Loweka magome kwenye lita 10 za maji usiku kucha.
2. Asubuhi chemsha kwa moto wa wastani kwa saa moja. Chuja, utupe magome.
3. Tumbukiza nyuzi zilizolowanishwa kwenye maji hayo yakiwa bado moto. Ziache hadi kesho yake. Zitatoka na rangi ya hudhurungi.
4. Zikamue bila kuzisuuza. Zianike kivulini hadi zikauke nusu.
5. Koroga matope na maji kidogo hadi yawe mazito kama uji. Ondoa mawe na mizizi.
6. Zamisha nyuzi, uzikande kwa mikono yenye glovu ili matope yaingie kila mahali. Ziache saa 12.
7. Zitoe, uzianike hewani nusu saa, kisha zisuuze hadi maji yawe safi. Rangi itakuwa kijivu au nyeusi hafifu.
8. Rudia hatua ya 3 hadi ya 7 mara mbili au tatu. Kila mzunguko huongeza weusi.
9. Mwisho osha kwa sabuni laini na anika kivulini.

Tahadhari. Chuma kingi hula uzi. Nyuzi zikilala kwenye matope siku nyingi hukatika baada ya miezi michache hata kama zinaonekana nzuri leo. Mizunguko mifupi mitatu ni bora kuliko mmoja mrefu. Ukimaliza, vuta uzi mmoja kwa nguvu na uulinganishe na uzi ambao haujatiwa rangi.

Matope yaliyobaki usiyatupe. Yafunike ndooni na maji juu yake ili hewa isiingie, uyaongezee majani makavu kidogo kama chakula cha bakteria. Yatakufaa tena.

SEHEMU B: BULUU YA NILI

Hapa uvumilivu unahitajika zaidi, lakini buluu yake ni miongoni mwa rangi za asili zinazodumu kuliko zote, wala haihitaji shabu kuishikisha.

*Kuutambua mnili*

Mnili wa rangi, ambao wataalamu huuita *Indigofera arrecta*, ni kichaka cha jamii ya kunde kinachomea Afrika Mashariki. Hufikia urefu wa mtu au kupita. Majani yake ni madogo, yamepangwa pande mbili za kikonyo. Maua yake ni madogo ya waridi yanayokaa kwenye vishada. Vitumba vyake ni vifupi. Ndugu zake ni wengi na baadhi hawana rangi, kwa hiyo usitegemee macho. Fanya jaribio hili:

1. Ponda kiganja kimoja cha majani mabichi, uyatie kwenye chupa yenye maji ya uvuguvugu.
2. Acha hadi kesho, kisha chuja.
3. Tia chokaa kiasi cha ncha ya kijiko na utikise kwa nguvu dakika tano.
4. Povu likigeuka buluu, umepata mnili wa kweli. Likibaki jeupe au kijani, tafuta kichaka kingine.

Ukiupata, chukua mbegu upande shambani kwako. Kukwanyua majani porini mwaka hadi mwaka kutaumaliza.

*Hatua ya kwanza: kutoa nili kwenye majani*

1. Vuna asubuhi, kabla mmea haujachanua. Kwa pipa la lita 50 utahitaji kilo 5 za majani mabichi.
2. Yashindilie pipani, uweke mawe safi juu yasielee, ujaze maji ya uvuguvugu.
3. Funika. Acha saa 12 hadi 24. Usiku wa baridi kazi inaweza kufika siku mbili. Maji yakiwa ya kijani-manjano na utando wa shaba juu, yako tayari. Yakinuka kuoza kabisa, umechelewa.
4. Toa majani yote. Yapeleke shambani; ni mbolea nzuri.
5. Koroga gramu 100 za chokaa kwenye maji kidogo, uimimine pipani polepole.
6. Yapige maji kwa mti mpana au uyamimine kutoka ndoo hadi ndoo kwa dakika 20 hadi 30. Povu litakuwa buluu, kisha litapungua.
7. Acha yatulie usiku kucha. Nili itazama chini kama tope la buluu.
8. Mwaga maji ya juu taratibu, chuja tope kwa kitambaa kizito, ulianike kivulini.

Kilo 5 za majani hutoa nili kidogo. Kusanya mavuno kadhaa hadi ufikie gramu 50 za unga mkavu. Ndizo zinazohitajika kwa chungu kimoja cha lita 10.

*Hatua ya pili: kuandaa chungu cha bakteria*

1. Tengeneza maji ya majivu: jaza ndoo nusu ya majivu meupe ya kuni, ongeza maji ya moto, koroga, acha siku moja, kisha chota maji yaliyo safi juu. Yawe yanateleza ukiyasugua kwa vidole vyenye glovu. Ukipata karatasi za kupimia pH kutoka maabara ya sekondari iliyo karibu, ziseme kati ya 10 na 11.
2. Mimina lita 10 za maji hayo kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko.
3. Saga gramu 50 za nili na maji kidogo hadi iwe laini kabisa, uimimine.
4. Chemsha gramu 100 za pumba kwenye lita moja ya maji, ziache zipoe, uzimimine. Pumba za ngano ndizo zilizozoeleka katika kazi hii. Ukitumia za mahindi, zijaribu kwanza kwenye chombo kidogo.
5. Funika. Weka mahali penye joto la kati ya nyuzi 30 na 40 za Selsiasi. Usiku Ngara huwa na baridi, kwa hiyo izungushie ndoo blanketi kuukuu au uiweke karibu na jiko.
6. Koroga mara moja kwa siku, polepole, bila kupiga povu. Hewa ni adui wa bakteria hawa.
7. Baada ya siku 7 hadi 14 tazama dalili tatu: maji ya chini ni kijani-manjano, juu kuna utando wa shaba, na mapovu ya buluu hujikusanya katikati. Dalili zote zikiwepo, anza kazi.

*Hatua ya tatu: kuchovya*

1. Lowanisha nyuzi, uzikamue.
2. Sukuma utando pembeni, zizamishe nyuzi taratibu bila kuingiza hewa. Ziache dakika 5 hadi 10.
3. Zitoe ukizikamua chini kabisa, karibu na uso wa maji. Zitakuwa kijani.
4. Zitandaze hewani dakika 20. Kijani kitageuka buluu mbele ya macho yako.
5. Rudia mara tatu kwa buluu ya anga, mara nane au zaidi kwa buluu ya usiku.
6. Suuza, loweka dakika 10 kwenye maji yenye siki kidogo, suuza tena, anika kivulini.

Chungu kikichoka, kilishe kiganja cha pumba zilizochemshwa na ukipumzishe siku mbili. Unapoanza chungu kipya, weka lita moja ya kile cha zamani ndani yake. Hiyo ndiyo mbegu ya bakteria, nayo hufupisha siku za kungoja.

> SANDUKU: CHUNGU KINAPOGOMA
>
> - *Maji ni buluu tupu, hayana kijani.* Bakteria hawajaanza. Ongeza joto, ngoja.
> - *Harufu ni ya kuoza na karatasi ya pH iko chini ya 9.* Uchachu umezidi. Ongeza chokaa nusu kijiko cha chai, koroga taratibu, pima kesho.
> - *pH imepita 11.* Maji ni makali mno kwa bakteria. Ongeza pumba zilizochemshwa na usiguse chokaa.
> - *Rangi inatoka yote kwenye kusuuza.* Ulikamua hewani mapema au nili haikuyeyuka. Ngoja dalili zote tatu zionekane, kisha uchovye upya.

Tahadhari za nili. Maji ya majivu na chokaa huunguza ngozi na macho. Vaa glovu, na ukirukiwa machoni osha kwa maji mengi safi dakika 15 kisha nenda zahanati. Usitumie sufuria ya alumini kwa maji haya. Huliwa na magadi na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Weka chungu mahali penye hewa, mbali na watoto.

SEHEMU C: BULUU YA CHAKULA

Maziwa ya magadi ya Afrika Mashariki, kama Natron upande wetu na Nakuru na Bogoria nchini Kenya, yana bakteria wa kijani-buluu wa jamii ya *Arthrospira*, ambao sokoni huitwa spirulina. Heroe wadogo huwala hawa, na rangi zilizomo ndizo zinazowapa manyoya ya waridi. Ndani ya bakteria hao imo pia buluu iitwayo fikosiyanini. Mwaka 2013 Marekani iliiruhusu kutumika kwenye peremende na ubani wa kutafuna.

Ukiwa muokaji wa keki au muuza aiskrimu, fuata haya:

1. Nunua spirulina au dondoo lake lililofungwa na kuthibitishwa kwa chakula. Nchini Tanzania usalama wa chakula husimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019.
2. Ichanganye chakula kikiwa kimepoa. Joto la nyuzi 60 na zaidi huiua rangi.
3. Usiitie kwenye juisi kali ya limao au pasheni. Itaganda na kufifia.
4. Hifadhi gizani. Mwanga huipausha.
5. Usiitumie kwenye nyuzi. Haidumu.

Onyo kubwa: usikusanye utando wa kijani wa Ziwa Viktoria au wa bwawa ukidhani ni spirulina. Utando huo mara nyingi ni *Microcystis*, ambaye hutoa sumu inayoharibu ini.

SEHEMU D: NYEKUNDU NA ZAMBARAU, PAMOJA NA MAABARA

Bakteria wa kundi la tatu wanahitaji vyombo vilivyochemshwa kwa mvuke wa shinikizo, mtaalamu wa kuwatambua, na njia ya kuwaua kabla rangi haijatoka maabara. Kikundi chenu cha Bukiriro hakina haja ya kujenga maabara. Kinahitaji mshirika. Idara za bioteknolojia za vyuo vikuu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo milango ya kubisha. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, iliyoko Bukoba, inaweza kuwasaidia kuandaa barua na mpango wa biashara.

1. Andikeni ukurasa mmoja: mnatia rangi nyuzi gani, kiasi gani kwa mwezi, mnataka rangi zipi, mnaweza kulipa bei gani kwa kilo.
2. Ambatisheni nyuzi nyeupe za sampuli, gramu 20 kila aina.
3. Ulizeni maswali haya na mwombe majibu kwa maandishi: Bakteria ni wa jina gani? Rangi inakuja peke yake au na bakteria walio hai? Imepimwa usalama kwa ngozi? Inastahimili jua kiasi gani? Violasini na prodijiosini, kwa mfano, zina udhaifu wa kupauka juani.
4. Pokeeni rangi iliyochujwa na iliyothibitishwa haina kiumbe hai. Kopo la bakteria hai lisiingie kijijini.
5. Jaribuni kwenye kikapu kimoja kabla ya kuagiza nyingi.

*Lindeni haki yenu*

Huenda mtafiti akaja kuchukua udongo au matope ya mabonde yenu kutafuta bakteria wapya. Hilo ni jambo jema, ila lifanyike kwa utaratibu. Miaka ya 1990 vijidudu vilivyochukuliwa kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa nchini Kenya vilizaa vimeng'enya vilivyouzwa na kampuni ya Genencor, vikiwemo vya kufifisha nili kwenye suruali za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilijitokeza hadharani kudai sehemu ya faida, bidhaa zikiwa zimekwisha kuingia sokoni.

Nyinyi fanyeni mapema:

- Ombeni kuona kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia.
- Pitieni serikali ya kijiji, na makubaliano yaingie kwenye kumbukumbu za mkutano.
- Andikeni nani atanufaika rangi ikipata soko. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inatambua mgawanyo wa haki wa faida inayotokana na viumbe wa nchi na maarifa ya wenyeji.

PIMA RANGI YAKO KABLA YA KUUZA

1. Jua. Funika nusu ya kipande kwa karatasi nzito, ukiweke juani wiki mbili, kisha linganisha.
2. Sabuni. Kiloweke pamoja na kitambaa cheupe kwenye maji ya sabuni ya uvuguvugu nusu saa. Cheupe kisibadilike.
3. Msuguano. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu mara 20. Doa hafifu la nili linavumilika. Doa zito rudisha kazini.
4. Nguvu. Vuta uzi uone kama umedhoofika.

MAKOSA YANAYOONEKANA SANA

- Kutia rangi nyuzi ambazo hazijaoshwa. Mafuta na utomvu huzuia rangi na kuacha mabaka.
- Kufanya haraka na chungu cha nili. Bakteria hawaharakishwi kwa kuongeza chokaa.
- Kuchanganya kila kitu mara moja. Badilisha jambo moja kila jaribio na uliandike.
- Kutumia sufuria moja kwa rangi na kwa mboga.
- Kuosha nyuzi mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Chimba shimo mbali na kisima, punguza ukali wa maji ya nili kwa siki, ndipo umwage humo.
- Kumwambia mnunuzi rangi ni ya asili wakati umechanganya na unga wa dukani. Akigundua, soko la kijiji kizima linaharibika.

ORODHA YA KUHAKIKI KABLA YA KUANZA

☐ Glovu, mabuti ya mvua na vyombo vya rangi peke yake vipo
☐ Nyuzi zimepimwa uzito na kuoshwa
☐ Chanzo cha matope au mnili kimejaribiwa
☐ Karatasi za pH zipo, au kuna mwalimu wa kemia aliye tayari kusaidia
☐ Shimo la maji machafu limechimbwa mbali na kisima na mto
☐ Daftari lina tarehe, vipimo na kipande cha uzi kilichobandikwa kwa kila jaribio
☐ Watoto wanajua wasiguse ndoo

Panga kazi kwa majira. Majani ya mnili hunawiri wakati wa mvua. Nyuzi hukauka vizuri kiangazi, Juni hadi Agosti. Anza na nyeusi ya matope, maana gharama yake ni jasho tu. Ukiimudu, panda mnili. Buluu yako ikishadumu juani na kwenye sabuni, kaeni kikundi mwandike ile barua ya maabara. Atakayeipokea apate pia vipande vya nyuzi zenu nyeusi na buluu pamoja na daftari la vipimo, ajue anashirikiana na watu wanaoifahamu kazi yao. Chukua daftari leo, uandike jaribio la kwanza.